Kaizari Katika Mavazi Mapya

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo haya twataka kulitazama jambo lililowagawanya wapenzi wa michezo ya kuigiza kwa miaka mingi: je, ni halali kuuchukua mchezo wa kale na kuuvika mavazi ya leo? Wako wasemao kwamba kufanya hivyo ni kumvunjia mtunzi heshima. Wako na wengine wasemao kwamba mchezo usiovikwa upya hufa. Ili tusipotee katika maneno mengi, tutaushika mchezo mmoja tu, ule wa William Shakespeare uitwao Julius Caesar, ambao wasomaji wa Kiswahili waujua kwa tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963.

Kwanza yatupasa kujua jinsi mambo yalivyokuwa zamani za mtunzi mwenyewe. Tarehe 21 Septemba 1599, msafiri mmoja wa Uswisi, Thomas Platter, alivuka mto Thames mjini London, akaingia katika nyumba iliyoezekwa kwa nyasi, akautazama mchezo wa Kaizari, na habari zake akaziandika. Wachezaji wa siku zile hawakujitaabisha kutafuta mavazi kamili ya Kirumi. Zaidi walivaa nguo za Kiingereza za wakati wao. Tena katika maneno yenyewe ya mchezo, saa ya kengele yagonga mjini Rumi, hali Warumi hawakuwa na saa ya namna hiyo. Malkia Elizabeth wa Kwanza alikuwa na umri wa miaka 66, hana mtoto, wala hajamtaja mrithi. Kwa hiyo habari ya dola inayobaki bila kichwa ilikuwa habari ya watazamaji wenyewe.

Katika karne ya 19 desturi iligeuka. Wakuu wa michezo walipenda kuonyesha Rumi kama ilivyokuwa, kwa nguzo ndefu na majoho meupe. Mwaka 1898 Herbert Beerbohm Tree aliuonyesha mchezo huu mjini London kwa mapambo yaliyobuniwa na mchoraji Lawrence Alma-Tadema. Watu waliiona Rumi tukufu, lakini ilikuwa Rumi ya mbali, isiyomtisha mtu.

Mwezi wa Novemba 1937, mjini New York, kijana wa miaka 22, Orson Welles, aliyaondoa mapambo hayo yote. Jukwaa lake lilikuwa tupu, na ukuta wa nyuma ulipakwa rangi nyekundu. Kaizari na watu wake walivaa sare za kijeshi, mfano wa Mafashisti. Kwa maana Mussolini alikuwa ametawala Italia tangu 1922, na Hitler Ujerumani tangu 1933. Tena Welles aliirudishia nguvu sehemu ndogo ambayo wengi waliotangulia walikuwa wakiiacha: mshairi Cinna auawa na kundi la watu wenye ghadhabu, kwa sababu tu jina lake lafanana na la mmoja wa wauaji wa Kaizari. Watazamaji walitambua jambo walilokuwa wakilisoma katika magazeti.

Mwaka 2012 mchezo huu ulivikwa upya mara mbili nchini Uingereza. Gregory Doran aliupeleka katika nchi ya Afrika ya siku hizi, wachezaji wote wakiwa weusi. Phyllida Lloyd naye aliuweka ndani ya gereza la wanawake, Harriet Walter akawa Brutus. Na mwaka 2017, katika bustani ya Central Park mjini New York, Kaizari alifananishwa na Donald Trump, aliyekuwa ameshika urais mwaka uo huo. Ghasia zikatokea: makampuni kadhaa yakaondoa fedha zao, na wapinzani wakapanda jukwaani mchezo ukiendelea.

Hapo ndipo twaona hatari ya kazi hii. Shakespeare hakutuambia kama Brutus ni shujaa au ni mwuaji. Alituonyesha mtu mwema anayemwua rafiki yake ili kuuokoa uhuru, kisha uhuru wenyewe ukafa, na vita vikaja. Vazi likimtaja mtawala mmoja aliye hai, huenda mtazamaji akapiga makofi au akakasirika kabla hajasikiliza, na swali likafungwa mapema. Lakini anayengoja hadi mwisho ataona kwamba mchezo hausifu kisu. Waeleza bei yake.

Basi twaonelea kwamba kubadili mavazi si kosa, maana mtunzi mwenyewe aliwaleta Warumi London. Kipimo ni kimoja: je, vazi jipya laliacha swali wazi, au lajibu kwa niaba yetu? Welles alifaulu kwa sababu, alipokufa Cinna, hakuna aliyeweza kusema kwamba kundi lile lilikuwa la watu wengine.