Mizani ya Mwili, Wajibu wa Mtawala

Wanafunzi wangu wengi huifahamu Ayurveda, tiba ya kale ya Bara Hindi, kwa kanuni moja: afya ni mizani ya nguvu tatu za mwili, yaani vata, pitta na kapha, na mizani hiyo hulindwa kwa chakula, usingizi na mwenendo wa mtu mwenyewe. Nami huwaambia kuwa hiyo ni nusu ya somo.

Katika Charaka Samhita, kitabu cha takriban miaka 2,000 iliyopita, Agnivesha anamwuliza mwalimu wake Atreya: watu wenye maumbile, vyakula na umri tofauti hufaje pamoja kwa maradhi mamoja? Atreya anajibu kwamba hewa, maji, ardhi na majira ni vya wote. Vikiharibika, wote huangamia. Chanzo chake ni adharma, yaani kuiacha haki, inayoanza kwa wakuu wa nchi na miji, ikashuka kwa watumishi wao hadi kwa raia.

Basi tunapomhimiza mwananchi ale vyema na alale mapema, tumwulize na mtawala: maji yetu umeyafanyaje?