Tarehe ya Mafundi wa Mita za Ndege Kuukuu

Asili ya kazi hii, ya kuziamsha nyumbani mita za ndege kuukuu zijibu kana kwamba zinaruka, ni karakana ya vinanda. Edwin Link, mzaliwa wa 1904, alikulia kwenye kiwanda cha baba yake mjini Binghamton, jimbo la New York, kilichounda piano na vinanda vikubwa vya kuendeshwa kwa hewa. Alipojifunza urubani aliona jinsi fedha zinavyoteketea kila anapopaa, akarudi karakanani na kushika alichokijua tangu utoto: mivukuto, vali na pampu. Kufikia 1929 alikuwa na kijindege kilichokalia mivukuto, kikiinama, kikiinuka na kugeuka pasipo kutoka sakafuni. Wanunuzi wake wa kwanza walikuwa wenye viwanja vya burudani. Jeshi la Marekani lilizinduka mwaka 1934, marubani wake walipotwishwa kazi ya kubeba barua usiku na katika hali mbaya ya hewa, wakafa kadhaa ndani ya wiki chache kwa kukosa mazoezi ya kuruka kwa kutegemea mita peke yake. Likanunua mashine sita. Hadi Vita vya Pili vya Dunia vinakwisha zilikuwa zimeundwa zaidi ya 10,000.

Tangu hapo siri ya kazi haijabadilika: mita idanganywe mpaka iamini kwamba iko angani. Mwaka 1948 shirika la Pan Am lilipata simuleta kamili ya ndege yake ya Stratocruiser, iliyoundwa na Curtiss-Wright. Dirishani hapakuonekana mandhari yoyote, na chumba hakikutikisika, lakini rubani alikuta mbele yake mishale na swichi zinazojibu kama za ndegeni. Fundi wa leo aliyejifungia gereji na paneli ya jeti ni mjukuu wa wahandisi wale.

Kisha zikaja jeti zenyewe. Comet ya Waingereza ilianza kubeba abiria tarehe 2 Mei 1952, kutoka London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe njiani. Boeing 707 ikaingia kazini Oktoba 1958. Boeing 727 ikaruka mara ya kwanza Februari 1963, na mpaka kiwanda kinaacha kuiunda mwaka 1984 zilikuwa zimetoka zaidi ya 1,800. Katika chumba cha rubani cha 727 walikaa watu watatu. Wa tatu, injinia wa ndege, alikuwa na ukuta wake upande wa kulia, umejaa mita za mafuta, umeme, haidroliki na shinikizo la hewa. Kwangu mimi ukuta ule ndio kilele cha usanifu wa chumba cha rubani. Tazama sehemu ya mafuta: matangi, mabomba na injini vimechorwa kwa mistari, na swichi ya kila vali imekaa pale pale vali ilipo kwenye mchoro. Mgeni akisimama mbele yake kwa dakika tano ataanza kuelewa mafuta yanavyotembea ndani ya ndege.

Mwaka 1982 mambo mawili yalitokea, kila moja likienda njia yake. Boeing 767 iliingia kazini na skrini mahali pa mita nyingi, na kiti cha injinia hakikuhitajika tena. Novemba mwaka huo huo Microsoft ikatoa Flight Simulator yake ya kwanza, programu ya kompyuta ya kuigiza urubani, tunda la kazi ya Bruce Artwick. La kwanza ndilo lililozisukuma ndege za mita kuelekea makaburi ya jangwani, Mojave na Arizona, ambako hewa kavu hailishi kutu. La pili likawaandaa watu watakaozifuata huko na bisibisi mkononi.

Kilichowasaidia ni kipimo. Paneli za redio na nyingine za pale katikati ya marubani wawili zina upana wa kawaida wa inchi 5.75, na hufungwa kwa skrubu za Dzus zinazoachia kwa robo mzunguko. Hivyo paneli iliyotoka kwenye DC-9 huweza kukaa kwenye reli za 727 bila kupigwa tupa. Ikapatikana pia programu iitwayo FSUIPC, inayochungulia ndani ya Flight Simulator na kutoa namba za mwendo, kimo na mafuta ili vyombo vya nje vizitumie.

Lakini kuipata paneli ni mwanzo tu. Kuiamsha ni kazi ya miezi. Ndege za namna hii hutumia umeme wa volti 115 wa hezi 400, ilhali wa nyumbani ni hezi 50 au 60. Hezi 400 zilichaguliwa kwa sababu ya uzito: transfoma na mota zake huwa ndogo na nyepesi. Mita nyingi za jeti hizo zina kidude kiitwacho sinkro. Ndani yake mna koili moja inayozunguka, iliyolishwa volti 26, na koili tatu zilizotulia kuizunguka kwa pembe sawa. Uwiano wa volti katika zile tatu ndio unaouamuru mshale usimame wapi. Unganisha sinkro mbili kwa nyaya tano, kisha igeuze ya kwanza kwa vidole: ya pili itageuka nayo, hata ikiwa upande wa pili wa ndege. Ni shaba na sumaku tu, wala hapana kompyuta katikati.

Hapo ndipo mafundi walipogawanyika, na mgawanyiko huo upo hadi leo. Kundi la kwanza hupasua mita, hutoa sinkro na kuitupa, huweka mota ndogo ya hatua, na kuiendesha kwa Arduino, bodi ya bei nafuu iliyotoka Ivrea, Italia, mwaka 2005. Kundi la pili huiacha mita kama ilivyotoka kiwandani na kuilisha inachokula. Wapo wanaoficha sinkro ya pili nyuma ya ubao, wakaizungusha kwa mota inayotii kompyuta, na mita ya mbele ikafuata bila kujua. Umeme wa hezi 400 wengine huupata kwa mashine zilizong'olewa ndegeni. Wengine huiunda sauti ya hezi 400 kwenye kompyuta, wakaipitisha kwenye amplifaya ya muziki, kisha kwenye transfoma. Maana hezi 400 ni mlio ambao sikio huusikia. Uko jirani kabisa na noti ya G iliyo juu ya C ya katikati ya kinanda. Mjukuu wa Link amerudi kwenye muziki ule ule.

Mimi niko na kundi la pili. Mita ikishapasuliwa hairudi, na hakuna kiwanda kitakachounda nyingine. Nakubali kwamba haiwezekani kila mahali. Altimita ya zamani husoma shinikizo la hewa kwa kibweta cha chuma chembamba. Kuipandisha futi 35,000 mezani ni mpaka uifyonze hewa kwa pampu, na hapo mota inasameheka. Balbu nazo, zile za volti 5 zinazoangaza maandishi ya paneli, hula umeme mwingi na kupasha joto, wengi wakahamia LED. Wachague basi zenye mwanga wa dhahabu, maana mweupe wa kibuluu huua sura ya paneli nzima. Na wajihadhari: volti 115 zinaua, na rangi ya kung'aa gizani kwenye mita kongwe kabisa huenda ni ya radiamu, haikwanguliwi.

Tarehe hii inatugusa pia sisi wa Afrika Mashariki. East African Airways ilipokea Comet 4 mwaka 1960 na Super VC10 kuanzia 1966. Super VC10 zake zilikuwa tano. Moja iliteketea Addis Ababa Aprili 1972. Shirika lilipokufa 1977 nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikageuzwa ndege za jeshi za kujazia nyingine mafuta angani. Iliyokuwa na namba ya usajili 5H-MOG, ya mwisho kati ya VC10 54 zilizoundwa, ilitua Dunsfold tarehe 24 Septemba 2013 na haikuruka tena. Kesho yake iliyokuwa 5H-MMT ikafanya safari ya mwisho kabisa ya VC10 yoyote duniani.

Kwa hiyo nawaomba waliozihudumia ndege hizo Embakasi, na watoto wao. Aliye na mita, paneli au kitabu cha michoro ya nyaya kabatini, asikate plagi wala asifute namba. Kitabu hasa, kwa kuwa pasipo mchoro paneli yenye pini hamsini ni bubu. Apige picha kibati cha nyuma, aandike kifaa hicho kilitoka ndege gani, akiweke pakavu.