Kibali cha kazi Juba: mambo ya kujua kabla ya kulipa

Viza inakuruhusu kuingia Sudan Kusini, si kufanya kazi. Kibali cha kazi kwa mgeni hutolewa na Wizara ya Kazi, Juba.

Ada inaweza kubadilika ghafla. Machi 2017 ilitangazwa kupanda kutoka dola 100 hadi dola 10,000 kwa wataalamu, 2,000 kwa mafundi na 1,000 kwa vibarua. Mashirika ya misaada yalilalamika, na mwezi uliofuata serikali ikasitisha hatua hiyo. Kwa hiyo uliza ada ya sasa wizarani kwenyewe, usimwamini wakala, na udai risiti.

Mkimbizi mwenye shahada, usikimbilie kuchukua pasipoti ya nchi uliyoikimbia ili uombe kibali. Kwa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Sudan Kusini ilijiunga nao mwaka 2018, kurudi chini ya ulinzi wa nchi hiyo kwa hiari kunaweza kukuondolea hadhi ya ukimbizi.

Anzia Tume ya Masuala ya Wakimbizi au UNHCR. Beba kitambulisho chako cha mkimbizi na nakala za vyeti. Vyeti halisi usimwachie mtu.