Silsila ya Kalamu ya Tete

Neno letu “hati” tumelipata kwa Waarabu, na nukta ilikuja kwa njia hiyohiyo. Sisi tunaifungia sentensi. Kwa mwandishi wa khati, yaani sanaa ya mwandiko mzuri, nukta ni kipimo: tete lililochongwa mshazari likikandamizwa karatasini huacha doa la pembe nne, na kwa doa hilo hupimwa kila herufi. Alifu ya mwandiko wa thuluthi, kwa walimu wengi, husimama nukta saba. Kalamu ikiwa nene, alifu nayo hurefuka.

Kipimo hicho hunasibishwa na Ibn Muqla, mzaliwa wa Baghdad wa mwaka 886, aliyekuwa waziri wa makhalifa watatu wa Bani Abbasi. Siasa ilimtenda vibaya. Alikatwa mkono wa kulia, na husimuliwa kwamba alijifunga kalamu kwenye kigutu akaendelea kuandika. Alifia kifungoni mwaka 940. Wanafunzi wake wakamfundisha Ibn al-Bawwab, mwana wa bawabu kama jina lisemavyo, ambaye msahafu wake wa mwaka 391 Hijria ungalipo Dublin, katika maktaba ya Chester Beatty. Baada yao akaja Yaqut al-Musta'simi. Wamongolia walipoiteketeza Baghdad mwaka 1258, yasemwa alijificha mnarani, na kwa kukosa karatasi akafanya mazoezi yake juu ya kitambaa. Hadithi hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote katika silsila hii.

Kutoka Baghdad kalamu ilihamia kwa Waturuki. Sheikh Hamdullah wa Amasya alimfundisha mwana wa mfalme, Bayezid, naye alipokalia kiti cha usultani mwaka 1481 akamwita mwalimu wake Istanbul. Wasimulizi hutaja kwamba sultani alikuwa akimshikia kidau cha wino. Wakafuata Hafız Osman na Mustafa Rakım, kila mmoja akiisafisha thuluthi aliyoikuta.

Mafunzo yenyewe hayana haraka. Somo la kwanza ni mstari wa dua, mja akimwomba Mola amrahisishie wala asimtilie uzito. Mwalimu huuandika, mwanafunzi huunakili nyumbani mara nyingi awezavyo, kisha huuleta. Palipopinda, mwalimu huiandika upya herufi ileile chini yake na kuipangia nukta, ili mwanafunzi aone kwa macho amepungukiwa wapi. Kuna wanaokaa na dua hiyo miezi mingi. Ndipo huja herufi mojamoja, kisha zilizounganishwa. Karatasi nayo ina subira yake: hupakwa rangi ya chai, kisha ute wa yai uliotiwa shabu, husuguliwa mpaka iteleze, na kuwekwa muda mrefu kabla ya kuandikiwa. Wino ni masizi na gundi ya mti. Mwishoni mwanafunzi hunakili kazi ya bingwa wa zamani, na chini yake mwalimu huandika ijaza, yaani idhini. Kabla ya hapo hana ruhusa ya kutia jina lake kwenye kazi yoyote.

Mwaka 1928 Uturuki ilipitisha sheria ya herufi za Kilatini, na watu waliokuwa wakila kwa kalamu ya tete wakakosa kazi. Hamid Aytaç, mzaliwa wa Diyarbakır, alijikimu kwa kuchapa kadi na lebo. Hakuiweka kalamu chini: maandishi ya msikiti wa Şişli ni ya mkono wake. Alifariki mwaka 1982, akazikwa katika makaburi ya Karacaahmet karibu na kaburi la Sheikh Hamdullah.

Miaka saba kabla ya kifo chake, mwaka 1975, alikuwa amempa ijaza Hasan Çelebi, mzaliwa wa mkoa wa Erzurum aliyehudumu misikitini Istanbul. Kwa Çelebi wakaja wanafunzi wa nchi nyingi. Mmoja wao ni Mohamed Zakariya, Mmarekani aliyezaliwa California na kufanya kazi ya ufundi wa mashine. Masomo yake mengi yalipita kwa posta: karatasi za mazoezi zikivuka bahari kwenda Istanbul, zikirudi na masahihisho ya mwalimu. Ijaza ya miandiko ya thuluthi na naskhi aliipata mwaka 1988. Mwaka 2001 posta ya Marekani ilitoa stempu ya Idi, buluu yenye maandishi ya dhahabu, na thuluthi iliyo juu yake aliiandika yeye.