Dakika Mbili Tu: Historia ya Ile Nafasi ya Karibu na Mlango

Kila soja wa maegesho Nairobi ashawahi kuambiwa: "Boss, dakika mbili tu." Anayesema ameshusha kioo nusu, hazadi zinawaka, na tairi la mbele tayari limekanyaga mchoro wa kiti cha magurudumu uliopakwa rangi chini. Hana magongo, hajambeba mgonjwa. Ana haraka tu, kama sisi wote. Anaingia kuchukua maziwa na mkate, anakuta laini ya kulipa imefika kwa friji za soda, na zile dakika mbili zinakuwa ishirini na tano.

Tumezoea kuichukulia hii kama stori ya tabia: kuna watu wana adabu, kuna watu hawana, maisha yanaendelea. Lakini ile nafasi haikuanza kama jambo la adabu. Kuna watu waliipigania, wengine wakaichora, wengine wakaipima kwa futi. Ukijua ilikotoka, utajiuliza swali lingine kabisa: kwa nini haki ya mtu imeachiwa huruma ya dereva mwenye haraka?

Tuanzie dukani kwenyewe. Mwaka wa 1916, mjini Memphis, Marekani, Clarence Saunders alifungua duka lililoitwa Piggly Wiggly. Kabla ya hapo ulikuwa unasimama kwenye kaunta unamtajia mwenye duka unachotaka, anakuletea, kama kioski cha mtaani hadi leo. Saunders akasema mteja aingie mwenyewe, ajichukulie. Mwaka wa 1930, Michael Cullen akafungua King Kullen huko Queens, New York: duka kubwa, bei ya chini, na nafasi ya kuegesha gari. Huo ndio mpango wa supamaketi tunaoujua. Mteja anatoka mbali, ananunua vingi, anabeba mwenyewe.

Kisha mji mmoja, Oklahoma City, ukatoa vitu viwili ndani ya miaka miwili. Julai 1935 iliwekwa pale mita ya kwanza ya maegesho, wazo la Carl Magee. Shida yao utaijua: wafanyakazi wa ofisini walikuwa wanaacha magari barabarani tangu asubuhi hadi jioni, na mtu aliyekuja kununua kitu hapati pa kusimama. Mita ilimlazimisha kila dereva kulipia muda na kuondoka. Halafu mwaka wa 1937, mwenye maduka aliyeitwa Sylvan Goldman akaleta troli, kwa sababu wateja waliacha kununua mara tu kikapu kilipokuwa kizito.

Ukiviweka vitu hivyo pamoja utaona kwamba nafasi ya gari karibu na duka ilikuwa chombo cha biashara tangu mwanzo. Ilipangwa kwa mtu mwenye gari, mwenye miguu miwili inayofanya kazi, mwenye mikono ya kusukuma troli. Mtu ambaye hawezi kutembea hakuwa kwenye hesabu. Hakuna aliyemfungia mlango kwa makusudi. Hakufikiriwa tu, na kwake matokeo yalikuwa yale yale.

Aliingizwaje kwenye hesabu? Kwanza, kwa mchoro. Mwaka wa 1968, mwanafunzi wa usanifu kutoka Denmark, Susanne Koefoed, alichora alama ya kiti cha magurudumu kwenye warsha ya wanafunzi huko Stockholm. Mchoro wake haukuwa na kichwa. Ulikuwa kiti na mistari michache. Karl Montan, aliyeongoza kamati iliyotafuta alama moja ya kutumika dunia nzima, akaongeza duara juu ili mtu aonekane. Mwaka uliofuata shirika la Rehabilitation International likaipitisha. Kwa hivyo alama unayoikanyaga pale mlangoni ilianza kama kiti kitupu, na ikabidi mtu aongezwe juu yake. Sijui kama kuna muhtasari mzuri zaidi wa mambo yote haya.

Pili, kwa sheria. Mwaka wa 1970, mbunge wa Uingereza Alf Morris alipitisha sheria ya watu wagonjwa wa muda mrefu na wenye ulemavu, na mwaka wa 1971 beji ya rangi ya chungwa ikaanza kutolewa ili mwenye nayo aegeshe karibu na anakoenda. Mwaka wa 2000 ikageuka kuwa beji ya buluu.

Tatu, kwa maandamano, na hapa ndipo mambo yalipochacha. Marekani ilipitisha mwaka wa 1973 sheria iliyokataza ubaguzi wa watu wenye ulemavu katika miradi inayofadhiliwa na serikali kuu, lakini kanuni za kuitekeleza zikakaliwa ofisini miaka kadhaa. Aprili 1977, watu wenye ulemavu waliingia katika jengo la serikali San Francisco na kukataa kutoka. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Judy Heumann, aliyetumia kiti cha magurudumu tangu utotoni kwa sababu ya polio. Walikaa mle zaidi ya siku ishirini, wengine bila vifaa walivyotegemea kila siku. Chama cha Black Panther kiliwapelekea chakula. Kanuni zikatiwa sahihi. Hata hivyo maduka ya watu binafsi yalibaki nje ya sheria hiyo. Machi 1990, waandamanaji waliacha viti na magongo yao chini ya ngazi za bunge la Washington wakapanda kwa kutambaa, na Julai mwaka huo sheria iliyoyafikia maduka ikapitishwa.

Watu walitambaa kwenye ngazi ili, pamoja na mambo mengine, mtu aweze kufika dukani kununua unga. Hiyo ndiyo bei ya ile rangi.

Sasa vipimo, kwa sababu hapa wengi tunakosea. Tunadhani faida ya ile nafasi ni kuwa karibu na mlango. Ukaribu ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni upana. Viwango vya Marekani vinataka nafasi ya gari ya futi 8 na kando yake njia tupu ya futi 5. Uingereza huweka mita 2.4 za gari na mita 1.2 za pembeni. Ile sehemu yenye mistari ya mshazari si mapambo. Mtu anafungua mlango wa gari hadi mwisho, anatoa kiti, anakikunjua, anajisogeza kutoka kiti cha gari hadi kiti cha magurudumu. Ukiegesha bodaboda hapo, au ukiacha troli hapo kwa sababu "si hakuna gari," umemfungia nje. Ama umemfungia ndani: alishuka vizuri, amemaliza kununua, anarudi anakuta Probox imesimama sentimita thelathini kutoka mlango wake. Atangoja hapo juani hadi mwenye Probox amalize dakika zake mbili.

Turudi nyumbani. Kenya haikuletewa habari za ulemavu jana. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilianzishwa mwaka wa 1958, kabla ya uhuru. Serikali ilitangaza 1980 kuwa mwaka wa kitaifa wa watu wenye ulemavu, mwaka mmoja kabla ya Umoja wa Mataifa kufanya hivyo kwa dunia nzima. Lakini majengo yetu yalikuwa na kalenda yao. Kanuni za ujenzi tulizotumia kwa miongo mingi ni za 1968, mwaka ule ule Koefoed alipochora alama yake. Zimekuja kubadilishwa na kanuni mpya za 2024.

Katikati ya hapo supamaketi ziliota. Uchumi ilianzishwa 1975. Sarit Centre ilifunguliwa Westlands 1983, na polepole ununuzi wa watu wenye pesa ukahama kutoka katikati ya jiji, ambako ulishuka basi ukatembea, hadi mahali unapofika kwa gari. Baadaye zikaja Village Market, Garden City, Two Rivers, The Hub. Kila moja ina ekari za maegesho, na karibu na mlango, michoro miwili mitatu ya kiti cha magurudumu.

Sheria nayo ikafika. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwataka wenye majengo ya umma, maana yake majengo ambayo umma huingia, wayarekebishe, ikawapa miaka mitano. Mwaka wa 2008 Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Mwaka wa 2025 sheria mpya ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 916,692 wenye ulemavu, asilimia 2.2, na kundi kubwa zaidi lilikuwa la wenye shida ya kutembea.

Hebu ona kinachotokea. Sheria zetu zinamruhusu mtu mwenye ulemavu kuomba msamaha wa ushuru ili aagize gari linalomfaa. Anajaza fomu, anapimwa hospitalini, anazungushwa ofisi hii na ile, mwishowe gari linafika Mombasa. Analiendesha hadi supamaketi, na pale mlangoni kuna V8 yenye vioo vyeusi imekaa juu ya mchoro. Serikali imemfikisha hadi getini. Mita kumi za mwisho ameachiwa soja.

Na soja ndiye mtu tunayemsahau. Tumempa kazi ya kulinda haki ya kikatiba kwa filimbi na koni ya plastiki. Akimfukuza mwenye V8, ataulizwa, "Unajua mimi ni nani?" Meneja ataitwa, na wote watatu wanajua nani ataomba msamaha. Akimfukuza mwenye Vitz kuukuu, hakuna atakayeulizwa lolote. Ndiyo maana kwenye maegesho mengi sheria ile ile inawabana wenye magari madogo na kulegea mbele ya magari makubwa. Shida hapo si ujinga. Mwenye V8 anaujua mchoro vizuri sana. Amezoea tu kwamba neno "reserved" humaanisha yeye: kortini, kanisani, harusini, kwenye mazishi kijijini, siku zote kuna kiti cha mheshimiwa. Nafasi ya mlangoni inalipindua hilo neno. Inasema aliyetengewa ni mwenye hitaji, cheo hakiingii. Kwa nchi yetu hiyo ni habari kubwa, na labda ndiyo sababu inatushinda.

Tusidhani wenzetu wamemaliza. Hata Uingereza, ile beji ya buluu ilitungiwa barabara za umma. Kwenye maegesho ya supamaketi ya mtu binafsi, mwenye uwanja ndiye anayeamua kama atatoza faini au atanyamaza. Seoul ilianza kutenga nafasi za wanawake mwaka wa 2009, na mwaka wa 2023 ikaanza kuzigeuza kuwa za familia baada ya mabishano marefu kuhusu nani anastahili kutengewa. Kila mahali panapochorwa mstari, kuna ugomvi wa nani yuko ndani yake.

Ugomvi huo una upande mwingine ambao vijana wa mtandaoni tunapaswa kuuangalia. Tukishajua adabu ya maegesho, tunageuka polisi. Tunampiga picha dada aliyeshuka gari akitembea vizuri, tunaiposti, "Angalia huyu." Lakini ugonjwa wa moyo hauonekani kwa macho. Mapafu mabovu hayaonekani. Mguu wa bandia ndani ya suruali hauonekani. England iliongeza wenye ulemavu usioonekana kwenye masharti ya beji mwaka wa 2019, kwa sababu ya malalamiko ya watu waliochoka kuulizwa mbona hawaonekani wagonjwa. Njia ya heshima ni kumuuliza mwenye uwanja ana utaratibu gani, si kumvua mtu nguo kwa macho.

Adabu yenyewe ni fupi. Usiegeshe hapo hata kama uwanja mzima hauna kitu, kwa sababu anayeihitaji hapigi simu kabla ya kuja. Ukiwa umeketi ndani ya gari na injini inanguruma, bado umeegesha. Mistari ya mshazari ni njia ya mtu. Troli irudi mahali pake. Kama umemleta shosho anayetembea kwa shida, mshushe mlangoni, mwombe soja amwekee kiti, kisha uhamishe gari.

Kilichobaki ni cha wenye supamaketi. Wana kamera kila kona, wana kizuizi getini, wanajua kutoza mtu aliyepoteza tiketi. Wakiamua, wanaweza kuandika kwenye ubao faini ya kukalia nafasi ile, na kumwambia soja mbele ya wateja kwamba akimfukuza mtu pale, kazi yake iko salama, awe amemfukuza nani.