Nguo za Kilumi Hazikuwahi Kuwa "Asili Tupu"

Wasee, kuna mchezo naona kila wiki. Msanii kijana anachukua gunia, shanga, waya na kipande cha leso, anavibandika kwa turubai, anasema kazi yake imetoka kwa mavazi ya ibada ya zamani. Kabla gundi ikauke, watu washafika: ati hiyo si asili, waya ni wa dukani, shanga ni za plastiki. Mimi niliacha chuo katikati, sina cheti cha kumtisha mtu. Lakini historia ya Ukambani naisoma, na inasema hao jamaa wanabishana na kitu kisicho na maana.

Chukua kilumi. Ni ngoma ya ibada ya Wakamba, hasa ya akina mama wazee, Kitui mpaka Makueni. Inapigwa kuomba mvua. Inapigwa pia mtu akishikwa na pepo. Na pepo huja na masharti: anataka nguo fulani, ama pambo fulani, na familia lazima itafute. Kwa hivyo vazi la kilumi si urembo. Ni jibu kwa aliyeomba.

Sasa jiulize, hivyo vitu vilitoka wapi? Karne ya 19 Wakamba walikuwa wafanyabiashara wa safari ndefu. Kivoi wa Kitui, yule aliyempokea mmishonari Krapf mwaka wa 1849, alikuwa anapeleka pembe za ndovu pwani. Misafara kama yake ilirudi na shanga za kioo za Venice, kaniki ya India, kauri za Bahari ya Hindi, na merikani, kitambaa ambacho jina lenyewe linakuambia kilishonwa wapi. Ikarudi pia na waya wa shaba, ambao mafundi wa Ukambani waliusuka kuwa mikufu myembamba sana. Hayo yote yakakutana na ngozi ya mbuzi wa nyumbani kwa mwili mmoja. Susu zetu walichanganya mabara manne kabla yeyote wetu ajue gundi.

Halafu mwaka wa 1895 Africa Inland Mission ikafungua kituo chake cha kwanza pale Nzaui, Makueni ya leo. Kwa wamishonari, kilumi ilikuwa kazi ya shetani. Ukiokoka, unaacha ngoma na unaacha mapambo. Wakati huohuo Wazungu wengine walikuwa wanakusanya mapambo ya aina hiyo na kuyapeleka kwao. Mradi wa kuhesabu vitu vya Kenya vilivyo nje umepata zaidi ya 32,000, kwa taasisi 30 za Ulaya na Marekani. Yaani nyumbani unaambiwa ni dhambi, ng'ambo kinawekwa kwa kioo.

Na kwa kioo ndipo kitu kinakufa. Shanga ziko sawa, ngozi iko sawa. Kilichopotea ni kanuni: nani aliomba hilo vazi, nani anaruhusiwa kulivaa, siku gani, kwa ajili ya shida gani.

Ndiyo maana kwangu swali la "waya ni wa dukani?" ni bure. Waya umekuwa wa dukani tangu enzi za Kivoi. Swali la kumuuliza msanii ni hili: unajua hilo vazi lilikuwa linajibu nini? Kama hujui, umetengeneza kioo kingine tu, hata ukitumia ngozi halisi.

Na uzuri ni kwamba majibu hayako makumbusho peke yake. Kuna akina mama Kitui na Makueni ambao bado wanapiga kilumi. Panda matatu uende. Salimia vizuri, kaa chini, uliza, na wakikuambia kitu fulani hakionyeshwi, kiache. Ukiuza kazi, wao pia wale. Hawatakaa milele, na wakienda na kanuni, tutabaki tunagombana juu ya shanga.