Mbawa za Fundi na Muhuri wa Serikali

Tuseme kijana mmoja wa Kakamega, fundi wa kuchomea vyuma, anaunda eropleni nyuma ya nyumba ya baba yake. Amekusanya mabomba ya alumini, turubai, magurudumu ya pikipiki na injini ya motokaa kuukuu. Kila jioni majirani huja kumtazama. Wengine humcheka, wengine humwombea heri. Siku kazi inapokwisha na propela inapovuma, anaambiwa neno ambalo hakulitazamia: hana ruhusa ya kuruka. Hapana budi aandike barua Nairobi, ajaze karatasi, angoje mkaguzi na kujibu maswali. Moyoni anajiuliza, je, karatasi ina nguvu kuliko mbawa?

Kijana huyu ni wa mfano tu, lakini wa namna yake wapo. Mwaka 2010 fundi mmoja wa kompyuta huko Nyeri aliunda ndege ya viti viwili na kuitia injini ya motokaa, na habari zake zikaenea duniani. Wala swali lake si geni. Umri wake ni karibu sawa na umri wa ndege yenyewe.

Ndege ya kwanza yenye injini iliyomchukua mtu na kuongozwa naye iliundwa na mafundi wa baisikeli. Wilbur na Orville Wright wa Dayton, Marekani, waliruka tarehe 17 Desemba 1903. Safari yao ya kwanza ilidumu sekunde 12, ikafika kiasi cha mita 37 tu. Hawakukata tamaa, na mnamo Oktoba 1905 Wilbur alizunguka angani kwa dakika 39 bila kutua. Mwaka huo huo ndugu hao waliiandikia serikali yao kuipa chombo chao. Jibu walilopata lilikuwa la kuwasukuma kando: kwanza walete chombo kilichokwisha kuthibitishwa kuwa chaweza kumchukua mtu angani. Chombo hicho walikuwa nacho. Ila hakuna ofisa aliyefunga safari kwenda kukitazama.

Miaka ikapita. Mwishoni mwa mwaka 1907 serikali ilitangaza masharti yaliyo wazi: ndege ichukue watu wawili, iende mwendo wa maili 40 kwa saa, na ikae angani saa nzima. Sasa wale ndugu walijua watapimwa kwa kipimo gani, wakakubali. Lakini katika majaribio ya Septemba 1908 propela ilipasuka, ndege ikaanguka, na abiria, Luteni Thomas Selfridge, akafa. Huyo ndiye mtu wa kwanza duniani kufa katika ajali ya ndege yenye injini. Orville aliumia vibaya. Alipopona walirudi kazini, na mwaka 1909 ndege yao ilitimiza masharti yote, wakalipwa dola 30,000. Tazama, msomaji, mambo mawili katika habari hii: ofisi iliyokataa bila kutazama ilikosea, lakini majaribio yaliyodaiwa na ofisi hiyo hayakuwa ya upuuzi. Kifo cha Selfridge ni ushahidi.

Kisa cha pili ni cha Ufaransa, nacho kinamgusa yule kijana wetu zaidi. Henri Mignet hakuwa mhandisi wa kiwanda kikubwa. Aliamini kwamba mtu yeyote awezaye kupiga misumari sanduku aweza pia kujiundia ndege. Mwaka 1933 alirusha kidege chake kidogo alichokiita Pou-du-Ciel, yaani Chawa wa Mbinguni, na mwaka 1934 akatoa kitabu cha kuwafundisha watu kukiunda kwa gharama ndogo. Maelfu walikisoma. Katika Ufaransa na Uingereza makarani, walimu na makanika walianza kuranda mbao katika vibanda vyao. Mwaka 1935 Mignet mwenyewe alivuka bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza, na shangwe zikazidi.

Ndipo misiba ikaanza. Kidege hiki kilipoinamisha pua kupita kiasi, kilizidi kuinama hadi kikajipiga chini, na marubani kadhaa walipoteza maisha. Je, kosa lilikuwa la mafundi waliounda vibaya, au la rubani asiyejua, au la mchoro wenyewe? Mwaka 1936 wataalamu wa nchi zote mbili walikiweka kidege hicho katika mahandaki ya upepo, ambamo hewa huvumishwa kwa nguvu ili chombo kipimwe kikiwa kimesimama. Waliona kwamba mbawa zake mbili, moja mbele na moja nyuma, zilikaribiana mno. Pua ikiinama kupita kadiri fulani, rubani akivuta usukani kwa nguvu zake zote hasaidiki. Vibali vikasimamishwa. Mignet alisahihisha mchoro, na ndege zake za baadaye ziliruka kwa salama miaka mingi.

Lizingatieni jambo hili. Wale waliokufa hawakuwa wavivu wala wajinga. Walifuata kitabu ukurasa kwa ukurasa. Kosa lilifichika mahali ambapo jicho la fundi, hata awe hodari namna gani, halifiki. Karatasi nyingi anazotakiwa kujaza mwunda ndege zina asili yake katika makaburi ya namna hiyo.

Kwetu nako sheria ziliifuata ndege. Shirika la Wilson Airways lilianzishwa Nairobi mwaka 1929, na mwaka 1931 ndege za Imperial Airways kutoka Uingereza zilianza kupitia Kisumu, si mbali na Kakamega. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 uliagiza kwamba kila ndege inayovuka mipaka ya nchi iwe na hati ya kufaa kuruka iliyotolewa na nchi ilikoandikishwa. Kenya huru iliingia katika mkataba huo mwaka 1964, na ndege zake zikachukua alama ya 5Y. Tangu mwaka 2002 kazi ya kutoa hati imekuwa mikononi mwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya.

Na mkaguzi huuliza nini? Huuliza mambo ambayo mwunda ndege mwenyewe angepaswa kujiuliza. Uzito wote ni kiasi gani, na kitovu chake kiko wapi? Viungo vimefungwa kwa nini? Injini ikizimika, chombo kitateleza au kitaanguka? Katika Kakamega kuna swali jingine. Mji huo uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,500, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha sehemu moja katika saba. Mbawa hupata hewa haba ya kushika, na injini hupata hewa haba ya kuvuta. Ndege iliyopaa vizuri pwani yaweza kumaliza uwanja wote wa Kakamega bila kuinuka.

Lakini ofisi nayo ina wajibu wake. Kumwambia mtu "hairuhusiwi" bila kumwonyesha njia ni kurudia kosa la mwaka 1905. Uingereza iliruhusu chama cha waunda ndege ndogo, kilichoanzishwa mwaka 1946, kisaidie kukagua kazi za wanachama wake, na Marekani wapenzi wa kazi hiyo waliunda chama chao mwaka 1953. Huko mwunda ndege hukutana na mkaguzi kabla ubawa haujafunikwa turubai, wakati kosa laweza kurekebishwa kwa msumeno. Hufanya majaribio peke yake, bila abiria, mbali na nyumba za watu. Ukaguzi wa namna hiyo humfaa fundi kuliko makofi ya majirani.

Basi kijana wa Kakamega na asivunje chombo chake kwa hasira, wala asikirushe kwa siri alfajiri. Ila barua yake ingalitangulia ule ubomba wa kwanza. Na ofisa atakayeifungua barua hiyo na asiitie katika mtoto wa meza ikalala humo. Afunge safari akatazame. Fundi asiyekaguliwa huhatarisha roho yake na za majirani, na mkaguzi asiyetoka ofisini huiacha nchi bila mafundi.